Kelele ya Efeso

Fundisho juu ya Matendo ya Mitume 19, 23–41



Luka atusimulia habari ya ghasia iliyotokea Efeso siku za Mtume Paulo. Mfua fedha mmoja, jina lake Demetrio, aliona ya kuwa mahubiri ya Paulo yanaharibu kazi yake, maana yeye na wenziwe walipata mali kwa kufanya vihekalu vya fedha vya Artemi. Akawakusanya mafundi. Kwanza akawatajia mali yao, kisha akawatajia heshima ya mungu wao. Wakaghadhibika, mji wote ukachafuka, watu wakakimbilia mahali pa michezo, wakiwakokota Gayo na Aristarko, waliosafiri pamoja na Paulo. Huko wakapiga kelele muda wa saa mbili.

Sasa tazameni neno ambalo Luka analiweka katikati ya habari hii, katika aya ya 32. Atujulisha ya kuwa walio wengi hawakuwa na habari ni kwa nini wamekuja. Sauti wanayo, hasira wanayo, sababu hawana. Demetrio ajua anachokitaka. Lakini mkutano ule unamwazima koo zake bila kuuliza faida ni ya nani. Tena Iskanda alipopunga mkono apate kujitetea, hawakumpa nafasi. Ndivyo ilivyo siku zote: asiyelijua neno hapendi kumsikia anayetaka kulieleza, kwa maana akisikia itampasa kunyamaza.

Ndugu zangu, msidhani ya kuwa nawahukumu watu wa Efeso nikiwa mbali nao. Mimi nami nilikuwamo.

Mwaka 2014, Bunge Maalum la Katiba lilipokutana Dodoma, habari za Rasimu ya Katiba zilikuwa kinywani mwa kila mtu, sokoni, njiani, hata mlangoni mwa kanisa baada ya ibada. Rasimu ile ilitengenezwa na Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, nayo ilileta shauri la serikali tatu: ya Tanganyika, ya Zanzibar, na ya Muungano. Mimi nilishika upande mmoja kwa nguvu sana. Jumapili moja nilinena mbele ya wazee ya kuwa Rasimu yataka tuwe na majeshi mawili na fedha za namna mbili, na ya kuwa kila aikubaliye ni msaliti wa nchi. Mzee mwenzangu, aliyekuwa ameikubali, akaniuliza kwa upole, “Ndugu yangu, umeisoma?” Nikakasirika. Nikamjibu ya kuwa mambo yaliyo wazi hayahitaji kusomwa. Akashika fimbo yake, akaenda zake. Kwa miezi mingi tulipiga magoti pamoja madhabahuni, na mioyo yetu iko mbalimbali.

Hata siku moja nikaikuta Rasimu nyumbani kwa mwalimu jirani, nikaketi, nikaisoma. Nikaona ya kuwa iliyaacha mambo saba mikononi mwa Muungano. Na katika hayo saba umo ulinzi, imo na sarafu pamoja na Benki Kuu. Neno nililolitangaza kwa sauti kuu halikuwamo. Sisemi ya kuwa shauri la serikali tatu lilikuwa jema, wala ya kuwa lilikuwa baya. Watu wenye busara walikuwako pande zote mbili. Bunge Maalum lenyewe lilishika serikali mbili katika Katiba Inayopendekezwa ya Oktoba 2014, na kura ya maoni iliyowekwa iwe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa. Nasema hili tu: nilimwita ndugu yangu msaliti kwa ajili ya maandiko nisiyoyafungua. Nilikwenda kwake, nikamwomba radhi, naye akanisamehe. Lakini wale walionisikia Jumapili ile walilipeleka neno langu majumbani mwao, nami sikuweza kulirudisha.

Hapo ndipo nilipoielewa amri ya nane. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, afundisha ya kuwa amri hii haitukatazi uongo tu. Yatutaka pia tumtetee jirani yetu na kuyafasiri mambo yake kwa upande ulio mwema. Twadhani ya kuwa mwongo ni yule ajuaye kweli akaificha. Lakini anenaye asiyoyajua, naye ashuhudia. Na ushuhuda wake ukiwa si kweli, jirani huumia vilevile. Kutojua si udhuru kwake yeye aliyeweza kuuliza.

Je, Mkristo anyamaze katika mambo ya nchi? Hasha! Karani wa mji wa Efeso hakuwakataza watu kudai. Aliwaonyesha ya kuwa baraza za hukumu ziko, na maliwali wako. Na katika nchi yetu tunao mfano wa Wameru. Mwezi wa Novemba 1951 watu wa Engare Nanyuki waliondoshwa kwa nguvu katika ardhi yao, nyumba zao zikachomwa moto, ili walowezi wa Kizungu wapewe mahali pale. Walikuwa na sababu ya kulia kuliko Demetrio, nao hawakunyamaza. Lakini walijua wanenalo. Waliliandika shauri lao wakisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York, akaeleza yaliyowapata. Katika Mkutano Mkuu hawakupata kura za kutosha. Hata hivyo mataifa yaliwasikia, kwa kuwa walileta habari iliyochunguzwa.

Basi ninyi walimu wa dini na wazee wa kanisa, kumbukeni ya kuwa watu huyapokea maneno yenu ya sokoni kwa imani ile ile wanayopokea maneno yenu ya madhabahuni. Kabla ya kunena juu ya mtawala, au chama, au sheria, kila mtu na ajiulize: Jambo hili nimelisoma, au nimeambiwa? Aliyeniambia alijuaje, naye apata faida gani? Na yule ninayemlaumu, nimemsikia? Ukikosa jibu, si aibu kusema, “Sijui bado, nitauliza.” Wazee wetu walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, maana dole hupona, na aumiaye ni wewe peke yako.

Bwana atufungue masikio kwanza, kisha vinywa. Amina.