Jirani wa Safarini



Mfanyabiashara wa Michenga anayefuata mashine ya kukoboa mpunga huko Guangzhou hutoka Ifakara hadi Dar es Salaam, kisha huruka usiku kucha, pengine kwa kupitia Addis Ababa au Dubai, katika kiti cha daraja la chini, magoti yakigusa kiti cha mbele. Miguu huvimba na usingizi hukatika. Je, dhiki hiyo yampa ruhusa ya kusahau adabu?

Islam haikanushi taabu ya safari. Mtume Mtukufu s.a.w. alikiri kwamba safari humvurugia mtu usingizi na mlo wake. Ndiyo maana Mwenyezi Mungu amemhurumia msafiri: Sala za rakaa nne husaliwa mbili, na saumu huahirishwa.

Lakini angalia! Katika Sura An-Nisaa, aya ya 37, pamoja na wazazi, mayatima na maskini, ametajwa pia mwenzi aliye ubavuni. Na wafasiri wamemhesabu humo mwenzi wa safari. Basi yule mgeni mnayegombania naye mahali pa kuweka kiwiko ni mtu mwenye haki juu yako. Hamtaonana tena, wala hatakulipa. Kwa hiyo yeye ndiye kipimo cha wema wako.

Inuka, unyooshe miguu, unywe maji. Lakini mwombe radhi unayempita, na kabla ya kulaza kiti, tazama nyuma. Aliyepunguziwa na Mola wake rakaa mbili, atashindwaje kumwachia mwenzake inchi mbili?