Damu ya Baba na Damu ya Mama



Somo letu la mwezi huu ni Injili ya Yohana, mwanzo wa sura ya 9. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao la kwanza halikuwa jinsi ya kumsaidia. Walitaka kumjua mwenye hatia: ni yeye mwenyewe, au ni wazazi wake? Bwana wetu aliyakataa yote mawili.

Tusiwacheke wanafunzi hao. Swali lao tumelisikia matangani. Mtoto wa pili wa nyumba moja alifariki kwa selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tumezoea kuuita sikoseli, na maneno yakaanza kabla kaburi halijakauka: "Kwetu ugonjwa huu haupo. Ameuleta yeye." Huyo "yeye" ni mama wa marehemu, naye alikuwa ameketi pale pale mkekani. Nasi tuliosomea ualimu tulikuwapo. Tukatazama chini, tukanyamaza. Tangu siku ile mama huyo hajaonekana Mezani pa Bwana. Basi leo tunaandika yale tuliyopaswa kuyasema siku ile.

Mungu amempa kila mtu vinasaba, navyo ni kama maagizo madogo yaliyomo mwilini, yanayohusu rangi ya macho, namna ya damu na mengine mengi. Kwa kawaida kila agizo lina nakala mbili: moja tumepewa na baba, ya pili na mama. Aliyetufungulia njia ya kulielewa jambo hili alikuwa mtawa, Gregor Mendel, aliyepanda njegere katika bustani ya nyumba yao ya watawa mjini Brno, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866. Alipochanganya njegere za maua ya zambarau na za maua meupe, kizazi cha kwanza chote kilitoa zambarau. Lakini katika kizazi cha pili meupe yakarudi, karibu mche mmoja kwa kila minne. Weupe haukuwa umepotea; ulikuwa umejificha.

Ndivyo ilivyo selimundu. Mwenye nakala moja tu ya kinasaba hicho kwa kawaida ni mzima, wala hajui kwamba anacho. Anayeugua ni mtoto aliyepata nakala mbili, yaani moja ya baba na moja ya mama. Chembe zake nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa. Tena chembe hizo hufa upesi. Ndiyo maana damu hupungua na macho huwa ya manjano.

Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, katika kila mimba ipo nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, mbili kati ya nne ya kupata mbebaji kama wazazi wake, na moja kati ya nne ya kupata mtoto asiye nacho kabisa. Na kila mimba huanza hesabu upya. Hivyo nyumba moja yaweza kupata wagonjwa watatu, na nyingine ya namna hiyo hiyo isipate hata mmoja.

Sasa lipimeni wenyewe lile neno "kwetu haupo". Mtoto akiugua, kinasaba hicho kipo kwa baba, na kwa mama pia kipo, sawasawa. Wengine watasema: "Mbona yule bwana alipomwacha mkewe akachukua mwingine, watoto wote ni wazima?" Yamkini ni kwa kuwa mke wa pili hana kinasaba hicho. Na yule aliyeachwa, akiolewa na mtu asiye nacho, watoto wake nao hawataugua. Tena wale wazima wa mke wa pili, baadhi yao huenda wamebeba nakala ya baba yao kimya kimya, na siku moja huenda ikatokea kwa wajukuu.

Wala hii si laana. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki, na mwaka 1954 akaeleza kwamba kinasaba hiki kimeenea zaidi penye malaria nyingi, kwa sababu mwenye nakala moja huistahimili malaria kuliko wengine. Lakini mwenye nakala mbili hana kinga hiyo, na malaria humwangusha upesi. Anayetaja dhambi za mababa na asome Ezekieli 18, ambapo Mungu anawakataza watu wake ile mithali ya zabibu chungu.

Nasi walimu tunalo la kutubu. Palikuwa na kijana aliyebaki nyuma kila siku katika mchakamchaka wa alfajiri, akishika miguu yake na kulia. Tulimwita mvivu, tukamchapa. Hakumaliza darasa la saba, tulimzika. Baridi na mbio zile zilikuwa zikimwumiza, nasi hatukuuliza.

Basi tufanye nini? Wachumba, pimeni damu kabla ndoa haijatangazwa mara zile tatu kanisani. Si ili mtu aaibishwe, bali mwamue mkijua. Wazazi, mtoto mwenye ugonjwa huu apelekwe kliniki bila kukawia. Watoto wadogo hupewa penisilini ya kuwakinga, na ipo dawa iitwayo haidroksiyurea inayopunguza maumivu. Alale ndani ya chandarua, anywe maji mengi, akingwe na baridi. Na akipata homa, aonwe na mganga siku ile ile. Wengi wanaotunzwa hivyo sasa wanakua, wanasoma na kufanya kazi.

Na jambo moja lililo ndani ya uwezo wetu sote: twendeni kwa mama yule, tusingoje aje yeye. Tuliokuwapo mkekani tumwombe radhi, baba wa mtoto akiwapo na wazee wa ukoo wake wakisikia.

Ee Mungu uliyetufuma tumboni mwa mama zetu, utusamehe ndimi zetu na ukimya wetu. Uwaponye wanaougua, uwafariji waliozika, utufundishe kuchukuliana mizigo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.