Kiwavi Hana Ilimu ya Ghaibu

Ndugu msomaji, mwanadamu ana pupa ya kuijua kesho. Pupa hiyo haichagui mjinga wala msomi.

Huko Marekani, inapokaribia miezi ya baridi, watu humtazama kiwavi mmoja mwenye manyoya tele, wamwitaye dubu wa manyoya. Ni mweusi huku na huku, katikati ana ukanda wa hudhurungi, na mwili wake una pingili 13. Husemwa kuwa ukanda ukiwa mpana, baridi itakuwa nyepesi. Weusi ukizidi, itakuwa kali. Katika mji wa Vermilion, jimbo la Ohio, hata sherehe hufanyiwa.

Mwaka 1948, Dkt. C. H. Curran, mtaalamu wa wadudu wa jumba la makumbusho la New York, alikwenda Bear Mountain akakusanya viwavi, akahesabu pingili zao za hudhurungi. Khabari ikaingia gazetini, na sifa ya kiwavi ikavuma. Akarudia miaka kadhaa, lakini mwenyewe alijua kuwa viwavi wake ni wachache mno kuthibitisha jambo.

Ukweli ni kwamba kiwavi huyu hujivua ngozi kila akuapo, na ukanda wake huzidi kupanuka. Basi rangi yake yaeleza umri wake na chakula alichokula. Twamuuliza ya mbele, naye ana khabari za nyuma tu.

Je, ni makosa kutazama ishara? La. Mabaharia wetu waliingojea kaskazi na kusi wakasafiri, wala hawakupiga ramli. Pepo hizo zina ada aliyoziwekea Mola, na ada hiyo imeshuhudiwa karne kwa karne. Kujifunza ada ni ilimu. Kudai ghaibu ni jambo jingine, na aya ya mwisho ya Surat Luqman yatukumbusha mpaka wetu. Alama ya mtabiri ni hii: akipatia, hupigiwa vigelegele, akikosea, husahauliwa.

Sherehe ni mchezo, haina neno. Lakini baba akiuona ukanda mpana akapunguza kuni za nyumba yake, na baridi ikaja kali, atakayetetemeka ni mtoto, naye hakuulizwa.

Tena tazama, msomaji, ajabu ya kiwavi mwenyewe. Yeye habashiri. Baridi ikikaribia hujificha chini ya majani, na mwilini mwake hujitengeneza giliserini imlindayo. Huganda kwa barafu, na joto lirudipo huyeyuka, akaendelea na maisha mpaka awe nondo. Hufanya hivyo kila mwaka, baridi iwe nyepesi au kali.

Basi hilo ndilo la kujifunza kwake. Kesho hatukupewa kuijua. Tumepewa leo tujiandae. Na kutawakali hakuondoi kujiandaa.

Wallahu aalam.