Kigari Kimefika Wapi?

Ukifungua printa ya wino iliyokwisha kazi, ile inayokaa kona ya ofisi ikingoja kutupwa, utakuta ndani yake kigari kidogo kilichoshikwa na mkanda mwembamba wenye meno. Mota inazunguka, mkanda unavutwa, kigari kinakwenda kushoto na kulia kwa mstari ulionyooka. Vijana wetu wa ufundi huunda kifaa cha namna hiyo kwa ajili ya printa za 3D na mashine za kukatia mbao. Kule Lomé, Togo, Kodjo Afate Gnikou alitengeneza printa ya 3D mwaka 2013 kwa mabaki ya vifaa vya kielektroniki vilivyokwisha kutupwa.

Kazi yenyewe inataka subira. Reli ya aluminiamu huja kwanza, kisha kigari chenye magurudumu manne yanayopita kwenye mifereji ya reli. Magurudumu mawili hufungwa kwa nati ambayo tundu lake halipo katikati. Unaizungusha kwa spana kidogo kidogo mpaka kigari kiache kuchezacheza, lakini bado kiteleze kwa kusukumwa na kidole. Mota hukaa mwisho mmoja, na skrubu ya puli yake lazima ibane pale shafti ilipochongwa bapa. Mwisho wa pili hukaa puli ya beringi. Mkanda huzunguka zote mbili, ncha zake zikafungwa kwenye kigari. Ukiulegeza sana, utaruka meno. Ukiukaza kupita kiasi, unaitesa shafti ya mota na kuua beringi.

Sasa tutulie hapa kidogo. Mota inayotumika sana kwenye kazi hii haina macho. Mzunguko wake mmoja umegawanywa katika hatua 200. Puli ikiwa na meno 20, na nafasi ya jino hadi jino kwenye mkanda ikiwa milimita 2, mzunguko mmoja husogeza kigari milimita 40. Ukiiagiza mota ipeleke kigari milimita 400, itazunguka mara kumi na kuamini kazi imekwisha. Mkanda ukiruka jino moja njiani, kigari kitakuwa kimekosea kwa milimita 2 na mota haitakuwa na habari. Inajua ilichotuma. Kilichofika haikijui.

Je, hujawahi kumwona baba wa namna hii? Pengine anafanya kazi mji wa mbali. Karo amelipa. Kodi amelipa. Unga haujawahi kukosekana nyumbani. Hesabu yake ni ya kweli na jasho lake ni la kweli, tusimhukumu. Lakini akirudi likizo, anashangaa mtoto anamwamkia kama mgeni na kurudi chumbani. Mahali fulani njiani mkanda uliruka, wala hakuna aliyesikia. Nasi tukikosana tunafanya hivyo hivyo: “Mbona nilishasema samahani?” Ndiyo, ulisema. Je, ilifika?

Waliounda printa za wino waliliona tatizo hili. Nyingi zina utepe wa plastiki angavu wenye mistari myembamba sana, na kigari huusoma kila kinapopita, hivyo mashine hupata habari kutoka kwa kigari chenyewe. Mashine isiyo na utepe huo ina njia ya unyenyekevu zaidi. Kila inapoanza kazi haikisii kigari kilipo. Hukirudisha kigari mwanzo wa reli, kikagusa swichi, kikarudi nyuma kidogo, kisha kikagusa tena polepole. Mguso wa kwanza ni wa haraka. Kipimo huchukuliwa kwenye ule wa pili. Ndipo mashine inaanza tena kuhesabu kutoka sifuri. Wala si adhabu kwa makosa ya jana, maana hata ile ambayo haikukosea inafanya hivyo.

Nadhani sala ya asubuhi iko karibu sana na hapo. Petro alitaka apewe idadi ya mara za kusamehe, naye Bwana akampa jibu linaloiondoa hamu ya kuhesabu. Na yule mwana mpotevu wa Luka 15 alikuja na maneno aliyoyapanga tangu kwa nguruwe. Baba yake alimkumbatia, na ombi la kufanywa kibarua likabaki bila kusemwa. Hakudaiwa maelezo ya mali iliyopotea kabla ya kuvalishwa vazi.

Samahani nyingi za nyumbani, mpendwa, ni ule mguso wa kwanza: zimesemwa mbio, mlango ukiwa wazi, simu mkononi. Zinangoja mguso wa pili. Basi wiki hii mchague mmoja tu kati ya wale unaowatumikia kila siku, ukae naye, umwulize: “Kuna kitu ninachodhani nimekupa, kumbe hakijakufikia?” Akinyamaza, usimjazie kimya kwa hesabu za ulichotuma. Msubiri. Na akitaja jambo dogo, tuseme kwamba siku ya mahafali yake pesa zilifika lakini hukupiga simu, anza na hilohilo.