Je, Mgeni Ana Haki ya Kukasirika?

Usiku wa tarehe 19 Juni, hapa Mbarara, nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kesho yake saa nne asubuhi, Siku ya Wakimbizi Duniani, nilitakiwa kusimama mbele ya wageni waalikwa kule Nakivale na kusoma hotuba ya shukrani kwa niaba ya wanafunzi wakimbizi. Tangu siku hiyo swali moja halijaniacha. Mtu aliyepokewa, akalishwa na kusomeshwa na wengine, ana haki ya kukasirika? Na kama anayo, akasirikie wapi?

Nianze na nyumbani, kwa sababu swali lenyewe lilianzia huko. Makazi ya Nakivale yako katika Wilaya ya Isingiro na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi Afrika. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda. Leo tumo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Familia yangu ilivuka mpaka Bunagana mwaka 2012, wakati wa vita vya M23, nami nilikuwa na miaka minane. Tulipewa kipande cha ardhi, mama akapanda mahindi na maharagwe. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kwenda tunakotaka, jambo ambalo ndugu zetu walio katika kambi za nchi nyingine wanalisikia kama hadithi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Uganda ilitupa jembe pamoja na shamba la kulimia. Mama hapendi kabisa mtu aiseme vibaya nchi hii mbele yake, na mimi namwelewa.

Kwa hiyo nyumbani tulilelewa kwa amri moja, ambayo mama huisema kwa Kiswahili cha kwetu Rutshuru: "Mugeni hapigake kelele." Mgeni hapigi kelele. Ukionewa shuleni, nyamaza. Wakikuruka kwenye foleni, nyamaza, Mungu anaona.

Aprili 2020 mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30, kwa kuwa michango ya wafadhili haikutosha. Februari 2021 ukashuka tena hadi asilimia 60 ya kiwango kamili. Nakumbuka siku moja katika miezi hiyo nikiwa na mama kwenye foleni. Alipokea kile kidogo alichopewa, akainamisha kichwa, akasema, "Aksanti." Tulipokuwa tukirudi nilimuuliza: aksanti ya nini? Akanijibu bila kugeuka: "Ya ile yenye imebakia."

Sijawahi kusikia sentensi iliyo nzuri na ya kutisha kwa pamoja kama ile.

Sasa niseme juu ya muziki. Huku kwetu ukitaja panki, wengi hudhani unasema mtindo wa kunyoa nywele. Muziki wa panki roki ulizuka New York na London katikati ya miaka ya 1970. Ni wa kasi, wa kelele, na hauhitaji fundi: mwenye kujua kubonyeza nyuzi mahali patatu tu anaweza kuanzisha bendi. Johannesburg, mwaka 1979, bendi ya National Wake iliwakutanisha weusi na weupe jukwaani wakati sheria za ubaguzi zilitaka watu waishi mbalimbali. Mimi niliufahamu muziki huu kupitia simu ya jirani, kwa bendi ya Nairobi iitwayo Crystal Axis. Wana wimbo unaoitwa "Leopold", unaomshambulia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyeifanya Kongo mali yake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908. Niliusikiliza nikiwa nimeketi nje ya nyumba yetu, nikaona aibu. Vijana wa Kenya walikuwa wanakasirika kwa ajili ya mababu zangu kuliko nilivyowahi kukasirika mimi. Tangu siku hiyo nikawa mshabiki.

Rafiki yangu wa darasani, Mnyankole wa Ntungamo, aliponiambia kuna vijana watakaopiga panki katika ukumbi mdogo wa baa, sikuamini. Kiingilio kilikuwa shilingi 10,000. Nilizihesabu mara mbili, maana kwa fedha hizo mama angepata kilo tatu au nne za unga. Nikalipa. (Hilo nalo ni swali la maadili, lakini nikiliingia sitatoka.)

Hatukufika watu hamsini. Spika zilikoroma, jenereta ilizimika mara mbili, na mwimbaji alikuwa kijana mwembamba aliyevaa shati la shule lililokatwa mikono. Maneno yake hayakusikika vizuri. Yaliyosikika yalikuwa juu ya kodi ya nyumba, polisi na baba yake. Katika wimbo wa tatu watu waliokuwa mbele walianza kusukumana, bega kwa bega, wakizunguka. Nilirudi nyuma hadi ukutani. Mtoto aliyeona watu wakisukumana Bunagana hawezi kuuona msongamano kama mchezo.

Kisha mtu mmoja akaanguka. Kabla sijashtuka, mikono minne au mitano ilikuwa imeshamshika, ikamwinua, mmoja akampangusa vumbi, na mara wakaendelea kumsukuma kama mwanzo. Niliona jambo hilo likitokea tena na tena. Hakuna aliyetangaza sheria hiyo, lakini wote waliijua: sukuma, usipige, akianguka, mwinue. Rafiki yangu akanishika mkono akanivuta. Nikaingia. Mwimbaji aliponyoosha kipaza sauti kwetu, nilipiga kelele kwa Kiswahili cha kwetu maneno ambayo siwezi kuyaandika katika kitabu cha chuo. Niliyataja majeshi. Niliitaja foleni. Hakuna aliyenielewa, na wote waliitikia.

Tulipotoka saa saba usiku, furaha ilinitoka haraka. Nilikumbuka hotuba ya asubuhi. Nilikumbuka pia methali ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili ameiandikia insha: hasira hasara. Seneca, Mroma, aliandika kitabu kizima juu ya hasira akashikilia kwamba haifai hata kidogo, na kwamba mwenye akili atatenda haki bila kuihitaji. Mama hajamsoma Seneca, lakini wangeelewana sana.

Aristotle anaona tofauti. Kwake, mtu asiyekasirikia mambo yanayostahili hasira ana kasoro, kama alivyo na kasoro anayekasirika ovyo. Kazi ngumu ni kumkasirikia anayestahili, kwa kiasi kinachofaa, kwa wakati wake. Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu mkimbizi hana mtu wa kumkasirikia. Waliotufukuza wako mbali na wana bunduki. Mfadhili aliyepunguza mchango wake simjui, na hadaiwi nami kisheria. Karani wa foleni ni mwajiriwa tu. Mkulima wa Isingiro ambaye ng'ombe wetu na wake wanakunywa ziwa moja hana kosa lolote. Hasira inayokosa mlango haitoweki. Kwa wengi wetu nimeiona ikigeukia watoto, au chupa.

Hannah Arendt, aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, aliandika mwaka 1943 makala juu ya wakimbizi wenzake. Anaeleza jinsi walivyojitahidi kuonekana wachangamfu na wenye matumaini kila walipofika nchi mpya, na jinsi baadhi ya wachangamfu hao walivyojiua bila kuacha neno. Niliposoma hayo nilifikiria "aksanti" ya mama. Sisemi kwamba shukrani yake ni ya uongo. Nina hakika ni ya kweli. Ninachosema ni kwamba aliyekatazwa kusema jambo lolote isipokuwa asante, hata asante yake haiwezi kupimwa tena. Tutajuaje kwamba anashukuru, ikiwa hana neno jingine la kuchagua?

Nilimwambia rafiki yangu kwamba kilichonisumbua zaidi ni urahisi wa jambo lenyewe. Nimekasirika gizani, mbele ya watu wasionijua, kwa lugha wasiyoielewa. Huo si ujasiri. Akacheka. "Ndugu yangu, hata kuogelea mtu haanzii katikati ya ziwa," akasema. Bila kujua alikuwa upande wa Aristotle, anayesema tabia njema huja kwa kuzirudia rudia. Kama hasira nayo ina namna yake njema, basi mtu huifunzia mahali fulani, na mahali ambapo aliyeanguka huinuliwa si pabaya pa kuanzia. Hoja hiyo ilinipendeza, ingawa bado naiona inanipendelea mno.

Asubuhi nilipanda teksi ya kwanza kupitia Kabingo, kisha bodaboda. Migomba pande zote mbili, vumbi usoni, koo linawaka. Hotuba nilikuwa nimeandikiwa na waandaaji, kwa Kiswahili, na mkalimani alikuwa na nakala ya Kiingereza. Nilikuwa nimemsomea mama kwa simu wiki nzima, naye aliijua karibu yote kwa moyo. Yote yaliyoandikwa yalikuwa kweli, isipokuwa mstari mmoja karibu na mwisho uliosema kwamba sisi wakimbizi wa Nakivale hatuna la kulalamikia.

Nilisoma kwa sauti ya kukwaruza. Niliishukuru serikali, wenyeji, wafadhili wa ada yangu, na niliyamaanisha yote. Nilipofika kwenye ule mstari, niliuruka. Sikuongeza kitu. Nilishuka tu chini kwenye mstari uliofuata.

Mkalimani alikuwa akifuata karatasi yake. Akausoma kwa Kiingereza, wote, kwa sauti nzuri. Wageni waalikwa wakapiga makofi.

Kwa hiyo waliokusudiwa kuusikia ukimya wangu hawakuusikia. Nimejiuliza kama tendo ambalo halikumfikia mtu lina thamani yoyote, na sina jibu la kuwaridhisha walimu wangu. Nilirudi nyumbani jioni. Mama alikuwa jikoni anatwanga tangawizi.

"Ulisahau mustari moja," akasema.

"Sikusahau, mama."

Akaendelea kutwanga kwa muda. "Ile ya kusema hatuna ya kulalamika?"

"Ndiyo, ile."

Akamimina chai kwenye kikombe, akakisukuma kwangu. "Kunywa," akasema. "Sauti yako imekufa."