Aliyelala Chali Hajafa

Tarantula, yule buibui mkubwa mwenye manyoya, kwa kawaida hafi chali. Viungo vikuu vya miguu yake havina misuli ya kuvinyoosha. Kinachoinyoosha miguu ni msukumo wa damu, na msukumo huo ukikoma, miguu yote minane hujikunja chini ya kifua. Mfugaji akimkuta kifudifudi, amejikunja hivyo, ana haki ya kuhuzunika. Akimkuta chali, miguu imetawanyika, asimguse. Huyo anajivua gamba.

Mimi hupenda kumtazama yule wa Meksiko mwenye magoti mekundu, mnyama mpole wa upande wa Pasifiki, ambaye jike lake huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Wiki kadhaa kabla ya kujivua huacha kula. Nyenje humpita miguuni naye hamtaki. Ule upara wa tumboni, pale alipojikwangua manyoya, hugeuka mweusi, kwa kuwa manyoya mapya yamekwisha kuota chini ya ngozi kuukuu. Hapo huwa nakaa na kuwaza. Ngozi mpya haingoji ya zamani ipasuke ndipo ianze. Imefumwa zamani, gizani, bila shahidi. Wanadamu wengi hutangulia kutangaza toba kabla ya kufuma chochote moyoni. Kwa hiyo tukivua twabaki uchi, na kesho yake twairudia nguo ile ile.

Siku ikifika, hutanda nyuzi chini, akajilaza juu yake na kupinduka. Moyo husukuma damu kutoka tumboni kuelekea kifuani hadi ngao ya mgongo ipasuke ukingoni. Kisha huchomoa miguu, yote kwa pamoja, polepole, anavuta na kupumzika, anavuta na kupumzika. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, na hakuna wa kumsaidia. Mkono wenye huruma ukimvuta mguu ambao haujatoka, utaukata.

Na havui cha nje peke yake. Ukilichunguza gamba lililoachwa utaona utando wa kinywa umetoka, wa tumbo la kunyonyea umetoka, na zile kurasa nyembamba nyeupe zilizokuwa zimetanda mapafu zimetoka pia. Wafugaji wazoefu huliloweka majini, wakalikunjua, na kutokana na alama za ndani wakajua kama ni jike au dume. Amebadilisha hata mahali pa kupitishia pumzi na chakula. Mageuzi yanayoishia usoni yeye hayajui.

Baada ya hapo ndipo anapokuwa mnyonge kuliko wakati wowote. Mwili ni laini, chonge ni nyeupe na haziwezi kutoboa kitu. Zitapita kwenye wekundu ndipo ziwe nyeusi. Nyenje aliyesahauliwa kwenye sanduku, ambaye jana alikuwa chakula, leo aweza kumtafuna. Kumbe saa ya kuzaliwa upya ndiyo saa ya hatari, na aliyetoka kubadilika hahitaji kujaribiwa nguvu siku hiyo hiyo. Hupewa maji, akaachwa siku kadhaa au hata wiki mbili.

Aliyepoteza mguu huupata tena kwa njia hii hii, ingawa mara ya kwanza hutoka mwembamba na mfupi, na huhitaji kujivua tena ndipo ulingane na mingine. Dume naye ana gamba lake la mwisho. Akilivua huwa mtu mzima, huacha shimo lake na kwenda kutafuta mwenzi, na siku zake zilizobaki ni chache. Kukamilika kwake na kuondoka kwake vimefungwa pamoja, naye haombi arudishiwe utoto.

Huyu wa kwetu, Pterinochilus murinus, ambaye aina yake ya rangi ya chungwa imelipeleka jina la Usambara hadi kwenye masanduku ya wafugaji wa Ulaya na Marekani, ni mwepesi wa kukasirika na mara nyingi hujivua amejificha ndani ya utando wake. Mfugaji haoni lolote, ila siku moja hukuta gamba limesukumwa nje. Wako watu wa namna hiyo. Usidai kuonyeshwa walivyobadilika.

Basi ukimwona ndugu yako ameacha kula na kusema, amejilaza chini ya mzigo usioujua, usiwahi kumchimbia kaburi. Kama bado anapumua, usimvute pia ili atoke upesi. Kaa karibu. Mwondolee nyenje, yaani maneno na watu wanaoweza kumtafuna akiwa laini, na umwekee maji. Kazi iliyobaki ni yake na ya Muumba wake.