Msiba Una Wenyewe

Wanangu mnaoendesha chaneli za YouTube na kurasa za habari za Instagram, nanyi mnaosimamia magrupu ya WhatsApp ya ukoo, ya mtaa na ya wazazi wa shule, nina neno moja tu, na nalisema mapema ili asiye na muda asilikose: habari ya kifo si mali ya anayewahi kuiposti. Mengine mnayofanya tutabishana mkitaka. Hili silibishanii.

Najua mtasema wazee tunalilia enzi zetu. Sizililii. Enzi hizo Tanzania Bara tulikuwa na redio moja tu, ya serikali, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilimtanguliza Rais hata siku ambayo hakufanya lolote la maana. Barua yako kwa mhariri ilitoka imekatwa kichwa na mkia, kama ilitoka. Milango ilipofunguliwa miaka ya tisini tukapata ITV na Radio One, tukapata na magazeti ya udaku, kwa hiyo msidhani umbea wa picha mliuanzisha ninyi. Mwaka 2005 Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti aliyehimizwa na Ndesanjo Macha, mtangulizi wa blogu za Kiswahili, akafungua blogu yake, na Mtanzania aliyeko ughaibuni akaanza kuona harusi na misiba ya nyumbani wakati rangi ya hina haijafutika. Mwaka uliofuata wakaja Maxence Melo na Mike Mushi na jukwaa lililokuja kuitwa JamiiForums, na watu wakasoma humo mambo ambayo katika vyumba vya habari yalikuwa yanalala kwenye droo. Nimefanya kazi kwenye vyumba hivyo, droo hizo nazijua. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka 2018 na kumtaka mwanablogu alipe zaidi ya shilingi milioni 2 ili aandike kihalali, nilikuwa upande wenu, na bado niko.

Lakini kuna jambo ambalo redio ile moja ililijua kuliko ninyi nyote. Radio Tanzania ilikuwa na matangazo ya vifo. Ndugu wa marehemu aliandika tangazo, akalipeleka, akalilipia. Tangazo lilisema kwanza nani anasikitika kutangaza kifo, likamtaja marehemu, likasema alikofia na mazishi yatakuwa lini. Kisha likaanza kuita watu: habari ziwafikie fulani wa Kigoma, fulani wa Tanga, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Watoto walinyamazishwa. Kila mtu alitega sikio kama jina lake litatajwa. Nchi nzima ilisikia, na bado tangazo lilikuwa na mtumaji anayejulikana na mpelekewa anayejulikana. Sisi wengine tulikuwa wasikilizaji tu, tunasema poleni, tunaendelea na chakula.

Sasa tazameni yaliyompata jirani yangu. Mama huyu hukaanga maandazi kibarazani alfajiri, simu kaiweka juu ya ndoo iliyofunikwa. Asubuhi moja simu ikalia ujumbe: "Pole sana mama." Akajua mtu amekosea namba. Ukaingia wa pili, kutoka grupu la wazazi wa darasa la mwanawe: "Pole kwa msiba mzito." Akauliza, msiba gani? Hakuna aliyejibu. Wote walikwishagundua kwamba yeye hajui, wakawa wanatazamana humo ndani bila kuandika. Akaingia Instagram akamwona mumewe, aliyesafiri jana yake, amewekewa mshumaa na maandishi ya R.I.P. na ukurasa ambao hajawahi kuusikia. Maandazi yaliungua. Shemeji yake alikuwa njiani kuja kumwambia, akiwa na wanawake wawili watu wazima wa kumshika, kama inavyotakiwa. Alichelewa kwa sababu ya foleni.

Habari ile ilikuwa ya kweli. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize. Kwa uongo tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, yenye faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, sheria ambayo mimi binafsi siipendi kwa namna inavyoweza kumnasa mkosoaji. Kwa ukweli uliofika kabla ya wakati wake hakuna polisi wa kumwita. Mwenye ukurasa ule hakuvunja sheria hiyo. Alikosa adabu tu.

Najua kinachowasukuma. YouTube huanza kugawana na mtu fedha za matangazo akishapata wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na msiba hutazamwa. Sawa, riziki ni riziki. Ila jiulize ni nani anayekuhesabia hiyo nafasi ya kwanza. Msomaji hakumbuki kesho nani alitangulia. Anayekumbuka ni mjane.

Hata pale ambapo hadhara ina haki ya kujua upesi, subira ina kazi yake. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipotumbukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, video za simu kutoka ufukweni zilienea kabla ya tamko lolote. Nyingine zilikuwa na faida, zilionyesha wavuvi wakiokoa watu. Lakini watu 43 walikuwamo, na viongozi wenyewe walisema kwanza wameokolewa 26, baadaye ikasahihishwa kuwa 24. Wafu walikuwa 19. Fikirini nyumba zilizosubiri huku hesabu ikibadilika, halafu kijana fulani Dar es Salaam anaposti majina "kwa mujibu wa vyanzo vyetu".

Mkikosea, msifute kimyakimya kisha mkasema akaunti ilidukuliwa. Gazeti lililomzika mtu aliye hai lilipaswa kuchapa samahani kesho yake, wasomaji walewale waione. Acheni posti ibaki, andikeni juu yake kwamba ni kosa, mtajeni mliyemkosea.

Na wewe msimamizi wa grupu, mtu akitupia picha ya marehemu leo usiku, usianze na emoji ya mikono. Iondoe kwanza, mpigie simu mtu wa familia ile, umuulize: mama ameshaambiwa? Ukijibiwa bado, wazuie wenzako wasiandike pole mpaka utakapoambiwa tayari.